Jina Lililomwagiwa Uji

Jina langu la nyumbani ni fupi, silabi mbili tu. Sitaliandika hapa, na sababu nitaieleza nikiifikia. Ni jina la kike la kawaida. Ukisimama penye bomba la maji Ganze asubuhi ukaliita, wanawake watatu au wanne watageuka. Shuleni Mariakani, ambako baba aliajiriwa kiwandani nasi tukakulia kwenye nyumba za kupanga, wenzangu waliliona la kizee. "Hilo ni jina la bibi mwenye ugoro," aliniambia msichana niliyekaa naye dawati moja, na muhula mzima akawa ananiamkia shikamoo kila asubuhi. Mwalimu wetu, mtu wa bara, alisema ni jina zuri, kisha akaandika la ubatizo kwenye rejista.

Mama hakuniita kwa jina hilo hata siku moja. Aliniita kwa la ubatizo, au "wewe". Nilipokuwa na miaka kama kumi nilimuuliza kwa nini.

"Silipendi jina ambalo mwenyewe hajulikani aliko."

"Mwenyewe si mimi?"

"Wewe umeazimwa," alisema, akaendelea kuchambua mchicha.

Mwenyewe alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo, na akishapewa, ukoo humtendea kama huyo mtu. Bibi, mamake baba, aliniita mwanangu, si mjukuu wangu. Baba aliniita dada. Nilizoea. Mtoto huzoea chochote anachokikuta.

Habari za shangazi nilizijua kama watoto wengine wanavyojua hadithi za sungura. Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita hivi. Siku moja ya kiangazi alikwenda bwawani kuchota maji, mwendo wa saa mbili kwa miguu, asirudi. Waliomtafuta walilikuta dumu lake ukingoni, limesimama wima, limejaa maji mpaka shingoni. Hapakuwa na alama za kuburuta wala nguo wala kandambili. Walimtafuta wiki nzima. Kisha ikapita miaka, na mwaka niliozaliwa mimi, bibi akamwota. Baada ya ndoto hiyo familia ilikubaliana kwamba msichana yule ni marehemu, ikamchongea koma.

Koma ni kijiti cha ukumbusho cha wafu wetu. Hicho cha shangazi kilichongwa kwa mti wa muhuhu, ambao mchwa hawauli, kikasimikwa nyuma ya nyumba ya bibi. Kilikuwa na kimo cha mtoto anayejifunza kusimama. Kichwa cha mviringo, shingo, mwili bapa. Uso hakikuwa nao. Kiunoni kilifungwa vipande vitatu vya kitambaa, chekundu, cheupe na cheusi, na vikichakaa vilifungwa vipya juu ya vya zamani, hata kikawa kama mtu aliyevaa nguo nyingi kwa wakati mmoja.

Kila mwaka mahindi yakishavunwa tulisafiri kutoka Mariakani kwenda Ganze kumpa shangazi chakula. Kazi hiyo ilikuwa yangu tangu nilipojua kusema, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na jina lake. Adhuhuri bibi alinipa kata ya uji mwembamba wa mahindi mapya. Niliumwaga polepole chini ya kijiti, kisha nikaliita jina, mara moja tu. Baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kusema wala kukohoa. Bibi aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Halafu alisema, "Amesikia," nasi tukaenda kula.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nikiwa mtu mzima: mtoto anaita jina lake mwenyewe ardhini, kisha anangoja.

Bibi huyo huyo ndiye aliyenifunza kwamba ukisikia jina lako likiitwa adhuhuri, jua la utosini, na humwoni anayeita, usiitike. Ngoja uitwe mara ya pili. "Mtu hai hurudia," alisema. "Wale wengine huita mara moja."

Siku moja, nikiwa na miaka sita au saba, baba alinikalisha chini karibu na kijiti kile tulipokwisha kumwaga. Alivua kiatu akanionyesha unyayo wake, nami nikautazama nisione kitu.

"Dada," aliniambia, "siku ile haukuwa mwiba. Zamu ya maji ilikuwa yangu. Nilichechemea ili uende wewe."

Nilisema, "Haya." Alivaa kiatu chake, akapangusa macho kwa mkono wa shati, na njia nzima ya kurudi Mariakani alikuwa mchangamfu kupita kawaida yake. Mimi sikuwa. Nilihisi kwamba kuna mtu amepokea kitu kupitia kwangu na mimi sikuona mikono yake.

Nilipokua nilipata kazi ya kukusanya habari za vijijini kwa ajili ya redio moja ndogo ya pwani. Ni kazi inayonifaa. Napenda kuandika saa, mahali, nani alisimama wapi. Bibi alikuwa amekwisha kufariki, baba amestaafu na kurudi Ganze na mama, na kumwaga uji kulikuwa kumebaki kwangu na kwa baba peke yetu.

Mwaka juzi kazi hiyo ilinipeleka Takaungu, kuandika habari za wanawake wanaosuka mikeka. Nilielekezwa nyumba ya bibi mmoja aliyesifiwa kwa ukili wake mwembamba. Nilipiga hodi, nikakaribishwa barazani. Alikuwa amekaa juu ya jamvi, buibui limeteremka mabegani, vidole vikienda bila yeye kuvitazama. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nitokako. Kiswahili chake kilikuwa cha mji ule, kimekamilika, ila kuna herufi mbili tatu alizozikaza kama watu wa kwetu.

"Jina lako nani?"

Nilimwambia jina la ubatizo.

"Hilo la kanisani. La kwenu?"

Nikamwambia. Vidole vilisimama.

"Umepewa la nani?"

"La shangazi yangu. Marehemu."

"Alikufa kwa nini?"

"Alikwenda maji hakurudi. Lilionekana dumu tu, dumu la manjano."

"La buluu," alisema. "Na kifuniko kilikuwa kimepotea. Nilikuwa nimeliziba kwa gunzi la hindi."

Kwa miaka yote niliyoisikia hadithi ile, rangi ya dumu haikutajwa. Rangi ya manjano niliitia mwenyewe, kwa kuwa madumu niliyoyaona maishani mwangu yalikuwa ya manjano. Na gunzi sijapata kulisikia. Niliandika maneno hayo mawili, buluu na gunzi.

Alinieleza yaliyobaki bila haraka. Alikuwa ameposwa na mwanamume aliyemzidi umri babake. Pale bwawani alimkuta mwanamke muuza papa aliyekuwa akirudi Kilifi, wakaongea, akamfuata. Dumu alilijaza kabla ya kuondoka ili atakayelikuta asirudi mikono mitupu. Akafika Takaungu, akaolewa na mtu mwema, akasilimu, akapewa jina jipya. Alituma salamu nyumbani mara mbili na hazikufika. Miaka ikapita, na muuza makaa mmoja kutoka Ganze akamwambia, bila kujua anaongea na nani, kwamba boma lile lilikuwa na binti aliyepotea na sasa amesimikiwa koma.

"Nikaona basi," alisema. "Mtu akishazikwa atarudi vipi nyumbani? Atapiga hodi aseme nini?"

Nilimuuliza kwa nini ananiambia sasa.

"Kwa sababu mnaniita."

Jina lile halikuwa na mtu wa kulijua Takaungu, wala mumewe hakuwa amelijua. Lakini kila mwaka, alisema, hulisikia likiitwa mara moja, wakati wa adhuhuri, kwa sauti ya mtoto. Miaka mingi ilikuwa ya mtoto. Baadaye ikawa ya mwanamke.

Hapo ndipo mazoea ya kazi yaliponishika. Sikumwambia ni nani anayeita wala ni lini. Nilimtaka anitajie mara tatu za mwisho na alikuwa akifanya nini. Ya kwanza, alisema, ilikuwa siku ya pili baada ya harusi ya mjukuu wake. Ya pili ilikuwa siku ile mvua ilipomnyeshea ukindu wake uani. Ya tatu haikuwa na sauti ya mwanamke, ilikuwa ya mwanamume, nayo ilikuwa majuzi tu, Alhamisi aliyozikwa jirani yake, watu walipokuwa wakisonga sima ya msiba. Niliziandika zote tatu, na watu wa nyumba wakanisaidia tarehe. Baadaye nililinganisha na daftari zangu. Mbili za kwanza zilikuwa siku nilizomwaga uji. Ya tatu haikuwamo, nami nikafarijika: kwamba basi ni mwanamke mzee na mawazo yake.

"Huitika?" nilimuuliza.

"Sijaitika. Mama alinifunza. Lakini nimechoka, mwanangu. Nina ugonjwa wa moyo, na sijui ni lini. Nikifa nataka kuzikwa mara moja. Hapa, kwa jina langu la hapa. Sitaki kijiti kinachoniita kikiwa kimesimama kule. Nenda kamwambie ndugu yangu akitoe."

Hilo ndilo lililokuwa ombi lake, na hakuomba jingine.

Nilikwenda Ganze juma lile lile. Nilimkuta baba akitia mpini kwenye jembe. Nilimuuliza kwanza rangi ya dumu.

"La buluu," alisema. "Limezibwa kwa gunzi. Kwa nini?"

Nikamwambia. Aliweka jembe chini. Nilitegemea alie au acheke, na hakufanya lolote katika hayo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu.

"Kama yuko hai," alisema, "miaka yote hii tumekuwa tukimlisha nani?"

Mama alikuwa mlangoni na ungo wake. Alinitazama mimi, si yeye.

"Uji hukauka juani, baba," nilisema. "Hunywewa na mchanga."

"Mchanga," alisema baba. Kisha akasema kwamba mwezi uliopita, akiwa peke yake, alihisi hamu, akatia unga kidogo katika maji akaenda kumwaga yeye mwenyewe, na akaita. Nilimuuliza siku. Ilikuwa Alhamisi aliyozikwa jirani wa shangazi. Sima ya msiba.

Kuhusu kijiti alikataa. Koma haing'olewi. Watu wakihama huiacha mahali pake na kusimika nyingine, na ya zamani huachwa mpaka ioze yenyewe. Akiing'oa, alisema, hajui atakuwa amemfungulia nani mlango. Na muhuhu hauozi upesi. Kile kilikuwa na umri wangu na bado ukikipiga kwa kucha kinalia kama jiwe. Nilibaki katikati: mmoja anataka kitoke kabla hajafa, mwingine anaogopa kukigusa.

"Basi mlete," alisema mama. "Waongee wenyewe. Wewe umewasemea tangu ulipozaliwa."

Nilimleta kwa gari la kukodi. Tulitoka Takaungu asubuhi, tukapitia Kilifi, tukapanda kuelekea bara. Alivyokuwa akiona vichaka vinakuwa vifupi na ardhi inakuwa nyekundu, aliacha kuongea Kiswahili na kuanza kuniuliza mambo kwa Kigiriama cha zamani, chenye maneno ambayo mara ya mwisho niliyasikia kwa bibi. Njiani tuliwapita wanawake na madumu vichwani. Alimtazama kila mmoja mpaka alipopotea nyuma.

Baba alikuwa amesimama uani kwa shati lake la kanisani. Walitazamana. Kisha shangazi akamtazama ndugu yake chini, miguuni.

"Mwiba umetoka?"

Baba alikaa chini, pale pale kwenye mchanga. "Ulijua," alisema.

"Ulichechemea kwa mguu wa kulia kwenda, na wa kushoto kurudi. Mjinga wewe. Inuka, utachafua suruali."

Walikula, wakaulizana waliokufa na waliobaki. Mama alimwekea mkeka kivulini, akamwita wifi, na kwa mara ya kwanza nikamwona mama akiwa hana wasiwasi na jina langu. Ilipokaribia adhuhuri, shangazi alitaka kukiona.

Hakukikaribia. Alisimama hatua kumi, akasoma dua yake kwa sauti ya chini, akakitazama kile kijiti kama unavyoitazama picha uliyopigwa ukiwa umelala.

"Kifupi hivi?"

"Ni desturi," alisema baba.

"Na nguo zote hizi? Kwani nilikuwa kichaa?"

"Ni za baridi," alisema baba, naye akaeleza ile ndoto, ambayo mimi niliijua kwa jina tu. Bibi alimwona binti yake amesimama mlangoni, leso imelowa, anatetemeka, anasema: Mama, nasikia baridi. Na kwetu kila mtu anajua kwamba marehemu akimjia mtu ndotoni akalia baridi, anataka kijiti chake na nguo zake. Bibi hakuuliza mtu mwingine. Aliamka asubuhi akatangaza msiba.

"Ilikuwa lini?"

"Mwaka aliozaliwa huyu. Mwanzo wa mvua kubwa."

Shangazi alihesabu kwa vidole. Kisha akasema kwamba mwanzo wa mvua kubwa, mwaka huo, alikuwa amejifungua mtoto wake wa tano akashikwa na homa. Walimfunika mablanketi ya nyumba tatu na bado meno yaligongana. Hakumwita mume wala mkunga. Alimwita mama, usiku na mchana, akisema anasikia baridi.

"Basi alinisikia," alisema. "Ila akadhani nimekufa."

Kosa lilikuwa hilo tu. Ndoto ilikuwa ya kweli, na sisi tuliisoma kwa namna pekee tunayojua kuisoma.

Aliposema tena, hakuomba kijiti king'olewe. Aliniambia nisimame pale ninaposimama siku zote na niite, kama kawaida, bila uji.

"Na wewe?"

"Nitaitika. Nimechoka kunyamaza."

Nilisimama mbele ya kijiti, uso wangu ukikielekea. Baba alikuwa kulia kwangu. Shangazi alikuwa nyuma yetu, upande wa kushoto, hatua zile zile kumi, nilizipima baadaye. Hapakuwa na upepo. Niliita jina mara moja.

"Bee," iliitika sauti.

Ilikuwa sauti ya kawaida ya mwanamke anayeitwa jikoni. Nilipogeuka, shangazi alikuwa anashusha mtandio wake, midomo imefungwa, macho yana maji. Baba hakugeuka. Alikuwa bado anakitazama kijiti.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, shangazi akiwa mbele na mama, baba alinishika mkono.

"Ulisikia imeitikia wapi?"

Nilimwambia nyuma, alikosimama. Lakini jioni, nilipokuwa naandika mambo ya siku ile kwa mpangilio, saa, mahali, nani alisimama wapi, mkono uliandika "mbele". Sijalifuta neno hilo. Sijui nilisikia nini, na kazi yangu ni kuacha lililoandikwa.

Shangazi alirudi Takaungu. Alisema hakusikia tena kuitwa. Masika yaliyofuata, mchwa walikipanda kile kijiti cha muhuhu. Baba alinipigia simu kunieleza, nami nilidhani ananitania, mpaka nilipokwenda na kukuta nguo zote zimekaa chini, zimerundikana juu ya kichuguu kidogo chekundu, na ndani yake hakuna kitu.

Shangazi alifariki wiki chache baada ya hapo, asubuhi, baada ya chai. Alizikwa Takaungu siku ile ile, mara moja, kwa jina lake la pale. Baba alihudhuria, akasimama nyuma ya watu kwa adabu, akatia mchanga aliporuhusiwa. Hakulitaja lile jingine, wala mimi.

Tuliporudi Ganze nilikaa kivulini kuandika. Mama ndiye aliyekuja kunigusa bega. Baba alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwangu, mkono kiunoni, anashangaa.

"Anakuita," alisema mama. "Amekuita mara nne."

Nilimwomba baba aniite tena. Niliona midomo yake ikifumbuka kwa silabi ya kwanza na kufunga kwa ya pili, nikaisikia sauti, nikalisikia hata jina lenyewe, kama unavyomsikia mtu anamwita mwenzako upande wa pili wa barabara. Hakuna kitu ndani yangu kilichogeuka. Ndiyo sababu sikuliandika: jina lile limekwenda na mwenyewe.

Baba aliona. Aliufuta uso wake kwa kiganja. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, aliniita kwa jina la ubatizo, akilikosea kidogo mwishoni kama mgeni, nami nikainuka kwenda kumsikiliza.